Antena ya Tano

Antena nne zilisimama juu ya tuta la mpunga, zimenyooka mstari mmoja. Ya tano ilibaki kwenye lori. Ilitakiwa isimikwe pembeni, nje ya mstari, chini ya mti wa pepo mlinzi uliofungwa vitambaa vyekundu, lakini Sajenti Hla Moe aligoma katakata.

"Uchimbe shimo mlangoni kwa pepo mwenyewe? Shauri yako, Ye Naung. Mimi nina watoto."

Ye Naung, fundi wa mitambo, alicheka. Ujinga mtupu, alijisemea, ila naye sururu hakuigusa.

Mchana redio ya waasi ikasikika. Mawimbi yalizifikia antena kwa kupishana kidogo, na kwa kupishana huko mashine ikakadiria yalikotoka. Kwenye kioo vikachomoza vilele viwili, sawa kabisa. Kimoja kilielekea msitu wa mlimani, magharibi. Cha pili kilielekea mashariki, kijiji cha Htan Pin, ambako Mya Hnin, dada wa Ye Naung, alikuwa akiuza supu ya samaki. Antena za mstari mmoja hazijui mbele na nyuma. Ya tano ndiyo ingeamua.

"Wako wapi?" aliuliza Kapteni Zaw Latt, huku akitafuna tambuu.

Angeweza kusema mlimani, yakaisha. Lakini akigundulika kadanganya, kapteni hakuwa mtu wa kusamehe. Akaogopa, akasema kweli.

"Ama mlimani ama Htan Pin, afande. Nipe saa moja tu nisimike ya tano, nikupe jibu."

"Uisimike wapi?"

"Chini ya ule mti."

Kapteni aliutazama mti, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. "We bwana una wazimu? Vita hii haitutoshi, unatutafutia na balaa lingine?"

"Basi ni mlimani, afande! Sasa nina hakika."

"Sasa hivi tu hukuwa nayo." Kapteni akatema mate mekundu, akamgonga bega kwa upole. "Usihangaike, ndugu yangu. Makombora yapo ya kutosha. Tutapiga kote kuwili."

Sajenti akamkabidhi simu ya upepo awasomee wapiga mizinga. Ye Naung alisoma mwelekeo wa mlimani polepole, tarakimu moja moja, akarudia bila kuulizwa. Kisha akaishusha simu.

"Tumepata," sauti ikajibu. "Na wa pili?"

Kapteni alikuwa amesimama nyuma yake. Ye Naung akausoma.