Haijatumika Siku Tisini

Fundi wa kanzidata alishikwa na kinyaa tangu siku mkuu wa kitengo alipoleta ile programu ya ushauri pale benki ya damu. Kila asubuhi ilipima upekuzi wa rekodi uliochelewa, ikatoa mapendekezo: ongeza faharasa ya kuharakisha utafutaji hapa, futa ile kule. Ukikubali, alama inageuka kijani. Na mkuu, jamani, kijani alikipenda kuliko wanawe.

Ijumaa likabaki pendekezo moja jekundu: "Faharasa hii haijatumika siku tisini. Inachelewesha uandikishaji. Ifute."

"Hii hapana, bosi," fundi akasema. "Ndiyo inayotupa upesi wachangiaji wa damu adimu. Programu inahesabu imetumika mara ngapi, haijui ilitumika kwa nini. Akiba haiozi."

Mkuu akacheka huku akijichokonoa meno kwa kifuniko cha kalamu. "Wewe na mashine, nani anajua hesabu? Ripoti inaondoka saa nane. Futa, mama, usituharibie."

Akafuta. Wala hakushikiwa bunduki. Alichoka kubishana tu, na hilo ndilo lililomchefua zaidi baadaye.

Jumatano muuguzi wa wodi ya wazazi akapiga simu. Kuna mzazi anavuja damu, kundi lake ni la nadra, na kwenye friji hamna hata mfuko mmoja. Fundi akaandika upekuzi wa kutafuta wachangiaji wa kundi hilo. Zamani ungemaliza kabla hujapepesa jicho. Sasa mfumo ukaanza kupitia rekodi moja moja, mamilioni, kama mtu anayechambua gunia zima la mchele punje kwa punje. Dakika ya arobaini yakatoka majina mawili, mmoja anaishi mtaa wa nyuma ya hospitali. Hajainua simu, ikalia yenyewe.

"Basi, dada," muuguzi akasema taratibu. "Tumebaki na mtoto."

Mkono wa simu ulikuwa bado sikioni programu ilipotoa pendekezo jipya: upekuzi wa wachangiaji adimu ni mzito, tengeneza faharasa. Ile ile aliyoifuta.

Mkuu akachungulia begani kwake. "Unaona? Inajifunza. Kubali haraka, mwezi huu tutakuwa wa kwanza."

Fundi alitamani kumtapikia viatu. Akabonyeza kubali, maana kesho angeweza kuletwa mzazi mwingine.