Upanga Uleule

Sikuwahi kuyapenda mapanga ya mume wangu, na sitaanza leo kujifanya. Yeye hukasirika nikiyaita mapanga. Husema mapanga ni ya kufyekea majani. Hizi zake ni panga, wingi wa upanga, nakala za silaha walizobeba wapanda farasi wa Ulaya karne nyingi zilizopita, zilizofuliwa upya na mafundi wa leo kwa vipimo vilevile. Mimi humjibu kwamba chochote chenye mpini na kinachonizuia kufagia chini ya kabati ni panga. Tumebishana hivyo tangu binti yetu aolewe na chumba chake kikageuzwa ghala la vyuma.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa karakana. Alifundisha kufua chuma, kukinyoosha na kukichomelea mpaka alipostaafu, na mtaa mzima unamwita Mwalimu. Mimi pia namwita hivyo. Yeye ananiita Sindano, kwanza kwa sababu mimi ni fundi cherehani, pili kwa sababu ya ulimi wangu. Jina nimelikubali, maana ningelikataa ningekuwa mwongo.

Sasa niseme kilichokuwa kinanikaba roho. Mwalimu alikuwa anapoteza kumbukumbu na hakuna aliyeniamini. Siku moja alitoka kwa kinyozi akaenda kubisha hodi kwenye nyumba tuliyohama zamani, akagombana na wapangaji, akawauliza wamenificha wapi. Nikaitwa kwenda kumchukua. Siku nyingine aliinjika birika jikoni, akatoka zake kwenda kukaa barazani, birika likaungua mpaka likageuka rangi. Nikimwambia twende kwa daktari, anacheka. "Daktari wa nini, Sindano? Niko buheri wa afya." Na binti yetu, ambaye anafanya kazi ofisi ya bima na hasadiki jambo bila ushahidi, aliniambia kwenye simu, "Mama, kila mzee husahau. Unatia chumvi."

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa silali usingizi wa maana, sikio liko mlangoni nisikie kama komeo linafunguliwa. Nilitaka kitu kimoja tu: binti yetu aje aone kwa macho yake, anisaidie kumfikisha baba yake kwa daktari. Nilimbembeleza hadi nikamkaripia, na alipokaripiwa akakubali kuja Jumamosi.

Jumamosi hiyohiyo asubuhi, kabla hajafika, kikaletwa kifurushi.

Kilikuwa boksi refu jembamba, na ubavuni kuna picha ya kilichomo. Upanga wa mikono miwili, mpini uliovikwa ngozi nyekundu iliyokolea, na mwisho wa mpini kirungu cha chuma cha mviringo, bapa kama kifuniko cha sufuria ndogo. Nilikijua kirungu kile. Upanga uleule, wa fundi yuleyule, ulikuwa chumbani ukutani miezi kadhaa sasa, juu ya misumari miwili. Na Mwalimu ana sheria yake: hakuna viwili vya namna moja. Mwenye viwili vya namna moja, husema, huyo si mkusanyaji, huyo ana duka.

Mtu angedhani ningefurahi. Ushahidi niliouhitaji umeletwa mpaka mlangoni, na binti yuko njiani. Lakini Mwalimu alikuwa amekaa na boksi mapajani, anatabasamu, ananiambia nisilifungue mpaka binti afike, anataka amwonyeshe upanga unavyokaguliwa. Nilimwona atakavyovuliwa nguo mbele ya mwanawe, na miguu ikanipeleka yenyewe. Niliingia kile chumba, nikaushusha upanga wa kwanza, nikauzungushia shuka, nikauficha kabatini nyuma ya magauni yangu. Nilimwita mtu aje aone, halafu nikaficha cha kuonwa.

Binti alipofika, Mwalimu alitandika blanketi juu ya meza ya kulia, akavaa miwani, akakunja mikono ya shati. Aliuchomoa upanga kwenye ala polepole huku ametega sikio, kwa sababu ala inayobana au kulegea hujulikana kwa mlio wake. Akafumba jicho moja akayafuata makali kwa jicho la pili kuanzia mpinini hadi nchani.

"Umenyooka," akasema. "Njoo uone, mwanangu. Mstari ukitoroka mahali popote, ujue fundi alikuwa na haraka."

Akauweka juu ya kidole kimoja, akausogeza kidogo, akausogeza tena, mpaka ukatulia wenyewe hewani. Mahali ulipotulia palikuwa mbele kidogo tu ya kile chuma cha kukingia mkono.

"Uzito wake uko hapa. Ungekuwa mbele zaidi, ungekuwa shoka. Ungekuwa nyuma zaidi, ungekuwa bakora ya kutembelea."

Binti yetu akacheka. Mimi sikucheka, maana niliyajua yatakayofuata. Mwalimu alikipiga kirungu kwa kiganja akatazama bapa la upanga linavyotetemeka na mahali linapokataa kutetemeka. Akaukunja kidogo juu ya goti, akauachia, ukarudi ulivyokuwa. Akautikisa karibu na sikio asikie kama kuna kinachocheza ndani ya mpini. Halafu akauinua kwa mikono miwili, akaniangalia, akasema, "Sasa mama mkwe na aje."

Mama yangu alifariki binti yetu akiwa hajaota meno. Mzaha ule Mwalimu aliufanya pia siku ya upanga wa kwanza, baada ya jambo lilelile, na kabla ya kuusema alivuta pumzi vilevile. Shoka na bakora alivisema vilevile. Ningeweza kumtangulia neno kwa neno. Na binti yangu alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Sindano, kazi yako," akaniita.

Katika kila upanga kukagua mshono ni zamu yangu. Yeye hapitishi hukumu mpaka nimekagua ngozi. Nilipitisha ukucha juu ya mshono wa mpini. "Unakwenda upogo huku karibu na kirungu," nikasema, "na uzi ni mwembamba." Hata mimi nilikuwa narudia yangu, maana kasoro ilikuwa ileile.

"Nane juu ya kumi," Mwalimu akatangaza. "Mbili amezila mshonaji."

Akaubeba kwenda kuutundika. Tulimsikia huko chumbani akisema kwa furaha, "Ona, hata misumari nilikwisha kuitayarisha."

Binti yetu alinifuata jikoni. Alifunga mlango, akauegemea.

"Mama, huyu ndiye unayesema anasahau? Mimi sikumbuki hata namba ya gari langu."

"Ungesubiri kidogo."

"Nisubiri nini? Umenitia hofu nimekuja mbio. Baba yuko timamu kuliko sisi sote." Akashusha sauti, na hapo ndipo aliponiudhi. "Labda wewe ndiye umechoka, mama. Unakaa naye kutwa unamchunguza kama mkaguzi. Mtu akichoka huanza kuona visivyokuwepo."

Mori ulinipanda. Miezi yote ile nimebeba peke yangu, halafu ninaambiwa naona visivyokuwepo, tena na mtoto niliyemshonea sare zote za shule. Nikafuta mikono, nikaenda kabatini, nikarudi na shuka lile, nikalitupa juu ya blanketi na kulifunua.

"Mwalimu," nikaita. "Njoo, na ule mwingine uje nao."

Alikuja akiwa ameushika. Alipouona ulioko mezani alisimama. Akauweka wake kando ya ule, vipini pamoja, ncha pamoja. Akainama, akauinua wa kwanza, akautulizia kidoleni, na ukatulia palepale. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono mpaka alipofika mahali unapokwenda upogo. Nilimwangalia usoni. Nimeishi na uso ule ujana wangu wote na uzee wangu, na sikuwahi kuuona ukitafuta kitu ndani yake na kukikosa. Nilijuta hapohapo. Nilitamani niyameze tena maneno yangu, lakini yalikwisha kutoka.

"Huu umetoka wapi?" akauliza.

"Kabatini. Nimeuficha mimi asubuhi. Ulikuwa kwenye misumari ile. Uliununua wewe, ukaukagua wewe, ukaupa nane juu ya kumi."

"Umeuficha wewe," akasema taratibu. "Kabatini. Ndani ya shuka."

"Ndiyo."

Basi uso wake ukalainika. Sisemi alikuwa mjanja. Mwalimu hajui ujanja. Alikuwa mtu aliyekwama gizani akapapasa akapata mlango, na mlango ule ulikuwa mimi. Akavua miwani, akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo tangu nilipolazwa na homa ya mapafu.

Akamshika binti mkono, akampeleka pembeni karibu na dirisha. Lakini nyundo za karakana ziliyaharibu masikio yake zamani, na mnong'ono wake unasikika hadi barazani.

"Ndiyo maana nikanunua mwingine," akamwambia. "Niliutafuta ule sikuuona, nikadhani umeibwa. Mama yako hayuko sawa, mwanangu. Anaficha vitu. Juzi hapa nilimkuta kule kwenye nyumba yetu ya zamani, kasimama na wapangaji, analia. Sikutaka kukwambia kwenye simu. Usimkaripie. Tumpeleke kwa daktari. Mimi nitakwenda naye, maana akienda peke yake ataogopa."

Hakuutafuta upanga ule hata siku moja. Na aliyelia kwenye nyumba ile ya zamani kweli nilikuwa mimi, nilipomkuta ameketi kizingitini kwa watu, amekumbatia kofia yake.

Binti yetu aligeuka kunitazama, na nikaona kwamba amemwamini. Ilikuwa sawa tu amwamini. Mmoja wetu alikuwa amekagua upanga bila kukosea hata kidogo, na mwingine alikuwa ameutoa nyuma ya magauni. Nilikuwa na la kujibu. Wapangaji wako hai, wangesema. Birika liko palepale, limeungua. Sikuitwa Sindano bure, na maneno yalikuwa yamejipanga kinywani yananingoja.

Kisha nikamwona Mwalimu amerudi mezani, ananyoosha mikunjo ya blanketi kwa kiganja. Blanketi lilikuwa limenyooka zamani, naye aliendelea kulinyoosha. Nikishinda mimi, atashindwa yeye, tena mbele ya mwanawe. Na neno daktari, nililolilia miezi yote ile, alikuwa amelitamka kwa kinywa chake.

"Ni kweli, Mwalimu," nikasema. "Siku hizi nasahausahau. Lakini kwa daktari siendi bila wewe."

"Nitakuachaje?" akasema.

Siku ya kwenda alinichagulia gauni. Alinifungia mkanda wa gari kwa mikono yake, akaniuliza mara kadhaa kama naogopa. Binti yetu ndiye aliyeendesha. Sikumweleza lolote njiani. Nilikuwa bado nina hasira naye, nasema kweli, na pia niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitalia na Mwalimu atajua nalilia nini.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Alituketisha mimi na Mwalimu mbele yake, binti nyuma yetu. Mwalimu hakungoja kuulizwa. "Mgonjwa ni mke wangu," akasema, akamsimulia vizuri, kwa mpangilio wa mtu aliyefundisha maisha yake yote: nyumba ya zamani, birika, kabati. Yote aliyaweka mahali pake ila mtu mwenyewe. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia. Akaniuliza naishi mtaa gani, nilifanya kazi gani. Nikajibu. Mwalimu alikuwa ameushika mkono wangu mapajani mwake, na kila nikijibu anaubana kidogo kunipongeza.

"Na sasa tuko mwezi gani, mama?" daktari akauliza.

Tulikuwa Novemba. Kalenda ilining'inia nyuma yangu, siioni, lakini sikuihitaji. Ila nilikawia. Niliitazama ile mikono yetu, uchovu ukanizidi, na jibu likakaa mdomoni bila kutoka. Mwalimu akaona nimekwama. Akatazama mezani kama mwalimu anayejua kwamba anavunja sheria ya mtihani, akaniinamia sikioni.

"Sema Machi," akaninong'oneza.

Nyuma yangu nilisikia kiti cha binti yetu kikisogea, kisha pumzi yake ikakatika. Sikugeuka. Daktari aliacha kuandika. Mwalimu alikuwa ananitazama mimi tu, macho yamemjaa maji, ananiombea nipate.

"Machi, daktari," nikasema.

Akanipigapiga mgongo wa mkono, akamgeukia daktari ameridhika. "Unaona?" akasema. "Akisaidiwa kidogo, anakumbuka."