Askari Kumi na Sita wa Frère Anatole

Wananchi wote wa Kalemie, kuanzia bandarini hadi Katanika, wanaarifiwa rasmi kwamba leo jioni jua litazama kwa utaratibu mpya, chini ya uongozi wa Mkurugenzi Mkuu wa Giza. Atakayewasha taa bila idhini yake atajibu mbele ya sheria.

Tangazo hilo zito lilibandikwa kwenye mlango wa bweni kwa bukari, yaani ugali, uliopoa. Mkurugenzi Mkuu alikuwa Omer, mwanafunzi wa mwaka wa tano, na mamlaka yake yote yalikuwa kubonyeza kitufe kimoja cha kamera kila baada ya nusu dakika.

Kamera ilikuwa ya Frère Anatole, mtawa na mwalimu wa fizikia. Aliisimamisha juu ya miguu mitatu kwenye paa bapa la maabara, ikitazama bandari na ziwa. Alitaka filamu itakayoonyesha mchana ukigeuka usiku kwa sekunde kumi na tano tu: maji ya buluu, kisha ya kijivu, kisha meusi, na taa za wavuvi wa ndagaa zikichomoza moja moja. Kwa hiyo picha moja kila nusu dakika, saa tatu mfululizo.

Kazi ilikuwa kwenye mwanga. Kadiri ulivyopungua, tundu la lenzi lilipaswa kufunguliwa zaidi, namba kwa namba: 16, 11, 8, 5,6, 4. Likishafunguka lote, ndipo kitufe kishikiliwe sekunde nzima, baadaye mbili. Frère alimwonya afungue polepole, kama mlango wa chumba cha mgonjwa, maana akiruka namba filamu itapepesa macho. Kila badiliko liandikwe daftarini pamoja na saa yake. Kengele ya sala ikalia, Frère akashuka.

Kumwachia Omer daftari ni sawa na kumwachia paka ulinzi wa jiko. Namba tupu zilimchosha, akazipandisha cheo. Akaandika kwa herufi za heshima: "Saa 11.10. Askari 16: kuondoka. Askari 11: kuingia. Piga bandari." Baadaye: "Saa 11.50. Askari 8: kuondoka. Askari 5,6: kuingia. Piga bandari." Saa kumi na mbili kamili, jua lilipojificha nyuma ya mji, alimwingiza Askari 4, akajipigia saluti.

Saluti ilikuwa bado usoni aliposikia buti kwenye ngazi.

Walikuwa watatu. Wawili wana bunduki, na mbele yao mtu mnene aliyevaa abakosi ya kahawia, vazi la watu wa serikali, asiye na haraka. Omer alishusha mkono. Mwaka ule wa themanini na tano watu walikuwa bado wanasimulia Moba kwa kunong'ona, jinsi wenye silaha walivyoushambulia mji ule wa jirani, na mtu aliyekaa akiitazama bandari kwa muda mrefu hakuulizwa mara mbili kabla ya kukamatwa. Wengine walipelekwa Lubumbashi kwa maswali, na wake zao walikuwa wangali wanawawekea chakula.

Mtu wa abakosi hakuigusa kamera. Alilichukua daftari, akaanza kusoma, midomo ikicheza. Omer aliona kidole kikisimama chini ya neno "piga".

Frère Anatole akatokea akihema, kanzu ameishika mkononi.

"Citoyen Ilunga," alisema yule mtu akimwonyesha Frère daftari, kwa maana serikali ilitaka kila mtu aitwe Mwananchi na jina la asili, na jina la ubatizo lilikuwa na thamani ndani ya ukuta wa shule tu. "Hii kaye ni ya nani?"

Frère aliutazama ukurasa. Aliona mwandiko ambao haukuwa wake. Macho yake yakamfikia Omer, yakaondoka upesi.

"Ni yangu."

Sema, Omer alijiambia. Sema sasa. Badala yake aliinamisha macho kwenye buti za wenye bunduki.

Mtu wa abakosi alihesabu kwa sauti ya upole, na upole huo ndio uliotisha. "Mulianza na askari kumi na sita. Sasa munabaki na wane. Kumi na mbili walishukia wapi? Na huyu tano mukato sita, ni muntu wa namna gani? Walimukata muguu?"

Mmoja wa wenye bunduki alicheka, kisha akaona kwamba mkubwa wake hacheki, akameza kicheko.

Frère alieleza kwamba hao si watu, ni ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga, na kwamba kupiga ni kupiga picha. Sauti yake ilikuwa imara, ila jasho lilimtiririka shingoni. Yule mtu alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Unanidanganya, Citoyen. Giza likiingia, unataka mwangaza mingi, hapana kidogo. Tundu la kumi na sita lingekuja usiku. Wewe umeshuka mpaka ine." Akawageukia vijana wake. "Mumufunge."

Pingu zilitoka mfukoni. Mkono mmoja wa Frère ulikuwa tayari umo ndani, ule uliozoea kuzungusha pete ya lenzi kwa upana wa unywele, na Omer akausikia mlio wa chuma.

"Hapana, Papa," sauti ikamwambia mtu wa abakosi, na ilikuwa ya Omer mwenyewe. "Namba ikishuka, tundu njo linakua. Ndiyo sababu nilimuondoa kumi na sita."

Frère Anatole alifumba macho.

"Ulimuondoa," alirudia mtu wa abakosi, taratibu. "Wewe."

Nusu dakika ilipita na hakuna aliyebonyeza kitufe. Omer akasogea mbele.

"Ni mimi, Papa. Frère aliandika namba tu, kwenye ukurasa wa kwanza. Askari wote ni wangu. Nilichoka, nikawavalisha nguo. Hakuna mutu aliyeshuka popote. Mumufungulie." Maneno yakazidi kumtoka kama maji kwenye bomba lililopasuka. "Na tangazo la mlango wa bweni ni mimi. Na chumvi kwenye chai ya mkuu wa shule, siku ya Pasaka, pia ni mimi."