Mama Mkwe Kapotea Stesheni

Watu hupoteza miavuli. Hupoteza tikiti, vitambulisho, hata kuku. Lakini asubuhi moja ya mwaka wa tisini na nane, nikiwa nyuma ya dirisha la maulizo pale stesheni kubwa ya reli ya Nairobi, alinijia Makokha, jirani yangu wa Kitengela, na mkoba wa kike kwapani.

"Ndeti, nimepoteza mama mkwe."

Mama wa Nelima, mke wa Makokha, alikuwa ameshuka kwenye treni ya Malaba, amekuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Makokha alikuwa na kazi moja tu: kumhamisha kutoka treni hiyo hadi ile ndogo ya Athi River, kisha Kitengela si mbali. Lakini kwao mtu hamtazami mama mkwe usoni, wala hamkaribii. Basi alitangulia na mkoba, mama akafuata mgongo wa koti lake la bluu. Kufika mlangoni mwa treni, akageuka kidogo, macho chini. Hakuona miguu ya mtu.

Nikashika maikrofoni. "Anaitwa nani?"

"Jina yake siwezi kutaja. Ni mama mkwe!"

"Basi yukoje?"

"Yuko na raba za kijani."

"Uso, bwana!"

"Uso sijawahi kuona."

Sisi Wakamba pia tunawaonea wakwe haya, lakini hapo nilikasirika. Nitangazie stesheni nzima raba?

Kabla sijafungua mdomo akatokea Otiende, fundi wa mabehewa, ndani ya koti la bluu, amefura. "Ndeti, nitolee huyu mama! Ananifuata kila mahali. Nimeingia choo, ameningojea kwa mlango!"

Nyuma yake alisimama mama mmoja, macho sakafuni, raba za kijani miguuni.

Makokha akampa mgongo haraka. "Ni yeye! Mwambie anifuate."

Mama hakusogea. "Nairobi iko na wakora," akasema. "Koti ni mbili. Mkwe wangu ni gani?"

Treni ya Athi River ikapiga honi. Nyingine ilikuwa ya jioni, na Nelima alikuwa peke yake na mtoto.

"Makokha, geuka!" nikafoka.

Akageuka, amefumba macho kama mtoto anayengoja sindano. Mama akatoa kifuani picha ya mjukuu aliyotumiwa, akaisogeza karibu na uso ule, akalinganisha.

"Hii pua!" Akaangua kicheko. "Maskini mjukuu wangu! Ni huyu."

Kicheko hicho ndicho kilichomfumbua Makokha macho. Akamkodolea mama mkwe wake, mdomo wazi, nami nikaona aibu kwa niaba yake.

"Ndeti," akasema taratibu, "ni Nelima. Ni Nelima akiwa mzee."

Mama akaacha kucheka. Akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Basi umeniona," akamwambia. "Twende, treni inatuacha."