Mikro ya Gitaa la Joviale

Kwa miaka miwili na nusu Honoré alimdanganya msichana aliyempenda, na alimdanganya kwa vipande viwili vya mpira. Msimwite mwizi, hakuiba kitu cha mtu. Alikuwa mwoga tu, na mwoga mwenye mikono mizuri ni hatari kuliko mwizi.

Alikuwa fundi wa redio, magitaa na ampli, yale masanduku ya kukuza sauti, kule mtaa wa Muhumba, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, maman Godelive. Miaka thelathini na minne, mrefu, mpole hadi anakera. Wateja wake karibu wote walitoka kwenye makwaya, na mpiga gitaa wa kwaya anataka sauti safi, tamu, isiyomshtua mchungaji. Ndipo siku moja akaingia Joviale na gitaa jeusi begani, akasema kabla hata hajaketi:

"Yaya, hii gitare iko inaimba. Mi sitaki iimbe. Nataka ingurume."

Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, na tangu siku ile, kila alipoitwa hivyo, Honoré aliumia kidogo.

Joviale alipiga metal. Ndiyo, metal, ule muziki mzito wa gitaa linalokwaruza na ngoma zinazokimbizana, hapa hapa Bukavu. Siku za kazi aliandika ripoti kwenye ofisi ya shirika moja, amevaa viatu vya heshima. Jumamosi yeye na vijana wawili wa kundi lake walijifungia kwenye ukumbi wa vijana wakatikisa mabati. Shangazi yake aliwahi kuleta wanamaombi watatu waiwekee ampli mikono. Ampli haikutubu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kila kitu kiko hapa. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna mikro, kipande chenye sumaku kinachosikia nyuzi na kuipelekea ampli habari. Mikro imeshikwa na skrubu mbili, moja kila upande. Ukizikaza inapanda, ukizilegeza inashuka. Ikiwa chini mno, sauti inakuwa nyembamba, haina kifua. Ikiwa juu mno, sumaku zinavuta nyuzi na ngurumo inageuka uji. Mahali penyewe ni padogo sana. Honoré alipapima kwa kadi za zamani za simu, kadi mbili chini ya uzi mwembamba, tatu chini ya uzi mnene, kisha anaweka kadi kando na kufuata sikio. Na ili skrubu zisicheze, kila moja huzungushiwa resori, springi ndogo ya chuma inayoishika mahali pake.

Gitaa la Joviale lilinunuliwa bila resori. Honoré akafanya kama tunavyofanya sisi sote, akafuata Article 15, ile sheria yetu isiyoandikwa inayosema jipange mwenyewe. Alikata vipande viwili vya mpira wa ndani wa tairi la pikipiki akavisokomeza mahali pa resori. Mara ya kwanza hapakuwa na ubaya wowote. Hapa kwetu mpira huo unafunga kila kitu, kuanzia banda la kuku hadi bampa ya gari la mheshimiwa.

Lakini mpira huchoka. Baada ya wiki sita ulilainika, skrubu zikakosa mkazo, na kwa mitetemo ya muziki ule zikawa zinajilegeza zenyewe, kidogo kidogo, mpaka mikro ikainama upande. Joviale akarudi. "Yaya, imeanguka tena." Walikaa saa mbili nzima, yeye akipiga, Honoré akizungusha bisibisi robo, nusu, robo, wakibishana. Joviale alicheka, akanywa chai ya maman Godelive, akala na ndizi. Siku hiyo hapakuwa na mtu mwenye furaha kumshinda Honoré katika mitaa yote ya Ibanda.

Mwezi uliofuata rafiki yake Isidore alimletea kutoka Kampala pakiti ya resori za kweli. Honoré akaziweka kwenye droo. Joviale aliporudi, Honoré alifungua droo, akazitazama, akaifunga, akakata mpira mpya. Ndivyo ilivyoanza.

Mtauliza, kwa nini asiseme? Hata maman Godelive aliuliza, kila wiki.

"Wanasema mapenzi ni kikohozi, haifichiki," alimwambia. "Ya kwako ni kikohozi gani, mutoto yangu? Sema naye!"

"Nitasema naye na nini, maman? Niko na ng'ombe?"

Kwetu sisi Bashi mtu haendi kwa wazazi wa msichana mikono mitupu, anaenda na ng'ombe, na ng'ombe wa marehemu baba yake kule Mudaka walikwisha wakati wa vita. Honoré aliona haya kufungua mdomo kabla ya kupata walau mmoja. Basi akawa anangoja ng'ombe, na huku anangoja, anakata mpira.

Mwaka huu tamasha moja la metal huko Kampala likatangaza kwamba litachukua kundi moja kutoka upande wetu wa mpaka. Kila kundi litume nyimbo nne zilizopigwa moja kwa moja, bila kukatwa wala kuungwa. Joviale alifanya mazoezi mpaka vidole vikatoka damu. Wiki moja kabla ya kurekodi alileta gitaa.

"Yaya, hii mara nakuomba. Iweke muzuri kabisa kabisa. Maisha yangu iko mule."

Honoré alisikia. Haki ya Mungu alisikia, na mkono ukaenda kwenye droo. Kisha akawaza: Kampala wakimchukua, na gitaa liko zima, atarudi hapa kufanya nini? Akajiambia mpira mpya unadumu wiki sita, na kurekodi ni wiki moja tu, hakuna neno. Pumbavu! Hakufikiria kwamba wiki ile jua lingechoma mabati ya ule ukumbi, wala kwamba Joviale angepiga saa sita kila siku.

Jibu lilikuja Jumanne. Jumamosi Joviale aliingia akiwa ameloa mvua, macho yamevimba, akaweka gitaa mezani bila salamu. Akampa simu asome. Waandaaji wa tamasha hawakuwa na maneno mengi. Ngoma nzuri, besi nzuri. Gitaa halina uzito, na mkono wa kulia wa mpigaji bado ni dhaifu.

"Sikiliza mwenyewe," alisema Joviale, akaufungua ule muziki.

Wimbo wa kwanza ulikuwa moto. Katikati ya wimbo wa pili Honoré alisikia mikro ikishuka upande wa nyuzi nene. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angelisikia. Ngurumo ilipungua kifua, ikawa koo, na kufikia wimbo wa nne ilikuwa pua tupu. Na chini ya sauti ile mbovu mkono wa Joviale ulikuwa unapiga sawasawa, kwa nguvu, bila kosa hata moja. Honoré alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na meza yake.

"Umesikia?" Joviale alizima simu. "Ni mukono yangu. Nilikuwa nawaza niko na kitu, kumbe sina. Nimeacha, yaya. Kwaya moja ya Nyantende itachukua hii gitare. Ishushe mikro chini kabisa, wanataka sauti ya kanisa."

"Jovi..."

"Ishushe tu! Usinihurumie."

Alikaa kwenye kiti, akaubana ule mkono wa kulia katikati ya magoti yake, akalia. Alilia kama mtu mzima anavyolia anapokuwa amechoka, bila kujifunika uso. Maman Godelive alichungulia mlangoni, akaona, akarudi jikoni.

Honoré alichukua bisibisi. Angeweza kushusha ile mikro kwa dakika moja. Gitaa lingekwenda Nyantende, na yeye angebaki kuwa yaya mwema aliyejaribu kusaidia, na Joviale angeendelea kupita pale kunywa chai na kuulilia mkono wake hadi uzee. Hakuna ambaye angejua. Alilegeza skrubu, akatoa vipande viwili vya mpira vilivyolegea, akavitazama pale kwenye kiganja. Aliviona vichafu. Akafungua droo.

Alitia resori. Alipima kwa kadi, akakaza, akasikiliza, akakaza tena robo. Kisha akawasha ampli na kumnyooshea gitaa.

"Piga."

"Nilisema sauti ya kanisa."

"Piga tu, nakuomba."

Joviale alipangusa mikono kwenye sketi, akapiga mara moja kwa hasira, kama anayefunga mlango. Ngurumo ikatoka. Vioo vya dirisha vikatetema, bisibisi ikatembea mezani, mbwa wa jirani akaanza kubweka. Ilikuwa nzito na kila uzi ulisikika. Joviale alisimama. Akapiga ule wimbo wa nne, wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na alipomaliza alikuwa anacheka huku machozi bado yako mashavuni.

"Honoré! Umeifanya nini? Ni mimi huyu? Ni ileile mukono?"

"Ni ileile," alisema Honoré. "Mukono yako haijakuwa na kosa hata siku moja."

Akamwambia. Alimwambia yote akiwa amesimama, akitazama meza: mpira, skrubu, Isidore na pakiti yake, droo. Hakujitetea. Akafika kwenye ile wiki ya kurekodi.

"Mbele ya kurekodi?" Joviale aliuliza polepole. "Nilikuambia maisha yangu iko mule, na resori zilikuwa hapa?"

"Zilikuwa hapa."

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Ili urudi."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Honoré akangoja kofi, akalitamani kofi. Halikuja.

"Ungesema," alisema Joviale. "Ungesema tu."

"Sikukuwa na ng'ombe."

"Nani alikuomba ng'ombe?" Sasa ndipo alipopiga kelele. "Nani, Honoré? Kuna samedi mingi gitare ilikuwa muzima! Nilikuwa najua iko muzima! Nilikuwa nakuja tu! Weye unajua kusikia skrubu ikigeuka, ile haukuisikia?"

Honoré alikumbuka. Kweli zilikuwapo Jumamosi kama hizo, nyingi, mikro imekaa mahali pake kabisa, na yeye akishangaa mpira ulivyodumu safari hiyo. Alizungusha skrubu bure, kwenda na kurudi, ili kujipa kazi, na Joviale akiwa ameketi palepale akimtazama. Miaka miwili na nusu. Moyo wake ulikuwa umevunjika na alijua ni yeye aliyeuvunja, na wa mwenzake pia.

"Jovi, nisamehe. Tafadhali. Naweza kuandikia wale watu wa Kampala, niwaambie kosa ni yangu..."

"Wamekwisha chagua." Joviale alijipangusa uso kwa kiganja. "Nyantende watatafuta gitare ingine. Hii siuzi." Akavuta kiti mpaka mezani, akanyoosha mkono. "Nipe bisibisi. Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Vile unafanya. Yote."

Honoré alielewa kabisa anachoombwa. Akampa bisibisi. Akamwonyesha kubonyeza uzi kwenye kijisehemu cha mwisho cha shingo ya gitaa, karibu na mikro, kuingiza kadi mbili upande huu, tatu upande ule, kukaza kwa robo na si zaidi, kusikiliza uji unapoanza na kurudi nyuma kidogo. Alifundisha polepole kuliko ilivyohitajika. Lakini Joviale alikuwa na sikio zuri, na alikuwa na hasira, na vitu hivyo viwili vinafundisha upesi. Hazikupita dakika ishirini. Aliishusha mikro yote makusudi, akaipandisha mwenyewe, akapiga, akakaza upande mnene, akapiga tena.

"Hapa," alisema.

Palikuwa penyewe. Palikuwa bora kidogo kuliko pale Honoré alipoweka yeye.

Joviale alizima ampli, akaliingiza gitaa kwenye mfuko wake, akaufunga.

"Hizi resori zitadumu wakati gani?"

"Hazichoki," alisema Honoré. "Dix ans, miaka kumi. Labda zaidi."

"Bon," alisema Joviale, akalivaa gitaa begani na kutoka.