Bakuli Lililotoka Kurui

Evaline alilipenda bakuli lile tangu alipoliona kwenye turubai la Dulla, muuza vyombo vya zamani mnadani Kibaha. Lilikuwa la bati jeupe lenye maua ya bluu, na mfuniko wake bado mzima. Akalinunua. Alipofika chumbani kwake akaligeuza alioshe, akakuta kitakoni samaki mdogo aliyechorwa kwa msumari.

Wanawake hutia alama vyombo vyao ili vikiazimwa msibani au harusini virudi nyumbani. Chombo chenye alama kina mwenyewe.

Aibu yake ya kusema na watu ilimwambia anyamaze. Hata hivyo, alirudi kwa Dulla.

"Dada, mimi siibi!" Dulla akacheka. "Nimelitoa Kurui, kwa Herieth, mke wa Yona. Mama mkwe wake alifariki, wakapunguza vyombo."

Jumapili akaenda Kurui. Herieth alipomwona yule samaki, akajishika kichwa.

"Mama yangu! Nililiuza bila kuligeuza. Hii alama ya shangazi yake Yona, Bibi Wilhelmina wa Mzenga. Alipofiwa na mumewe, watu wa hapa walikwenda kupika na masufuria yao. Lazima lilirudi humo humo. Na yeye anamwita jirani yake Margareth mwizi mpaka leo! Walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana, sasa hawapeani hata moto."

"Twende wote, dada."

"Nani, mimi? Nikamwambie nimeuza bakuli lake? Nenda wewe, mgeni hapigwi."

Njia nzima mpaka Mzenga Evaline aliyapanga maneno. Kama angeshindwa kuyasema, bibi wawili wangezeeka katika uadui wa bure.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Evaline akafungua khanga aliyofungia bakuli, akaligeuza. Bibi Wilhelmina akapitisha kidole juu ya samaki.

"Umelitoa kwa Margareth?"

"Hapana, bibi. Limetoka Kurui. Lilichanganyika na vyombo vyao siku ya msiba. Bibi Margareth hakulichukua."

Bibi akajitanda khanga yake. "Nisindikize. Peke yangu nitaishia njiani."

Margareth alikuwa uani akimenya mihogo. Hakuinuka.

"Wilhelmina! Umeleta bakuli nikuibie tena?"

"Nimeleta mdomo wangu, shoga. Ndio uliokukosea. Nisamehe."

Kisu kikasimama. Margareth alimtazama, akamtazama, halafu akamsukumia kigoda. "Kaa basi, umenye. Mdomo peke yake hautoshi."

Wakamenya, Wilhelmina akasimulia safari ya bakuli, wakacheka, na machozi yakawatoka. Margareth akamgeukia Evaline.

"Mwanangu, ungepakulia humo mboga zako ukanyamaza, nani angekujua? Mungu akutunze. Umenirudishia mtu wangu."

Evaline akainama. Aliona yeye ndiye wa kushukuru, kwani hakuwahi kudhani sauti yake ndogo ingefaa mtu kiasi hicho.

Jioni Wilhelmina aliinuka kwenda zake, bakuli akaliacha pale pale.

"Likae kwako. Nikilihitaji nitakuja kuazima."

"Uje kweli," Margareth akasema.