Sauti Waliyoitoa Simuni

Kahonzi wa Junju alipofuka akiwa mdogo, surua ilipompata. Alisuka makuti, na wateja wakamwagiza kwa ujumbe wa simu. Zamani alisomewa na wifi yake, Kache, na kabla ya adhuhuri mambo yake yalikuwa yamefika kisimani. Ndipo akanunua simu mjini Kilifi, ile iliyotangazwa redioni kwamba humsomea kipofu kila neno kwa Kiswahili. Miezi minane akawa na siri zake. Hata maneno matamu ya mumewe, Kombe, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni, aliyasikiliza peke yake, simu kaibana sikioni.

Asubuhi moja simu ikamwambia kuna mabadiliko mapya, agonge mara mbili akubali. Akagonga. Ilipowaka tena ilisoma kwa sauti ya Kiingereza tu. Kiswahili ilikitafuna, kisishikike.

Akarudi dukani. Peterson, muuzaji aliyemsifia sauti ile, akaitazama simu.

"Kampuni imeitoa sauti ya Kiswahili, mama. Hairudi."

"Mimi nilinunua sauti, mwanangu. Kioo ningekitakia nini?"

"Simu si unayo mkononi? Hakuna aliyekuibia."

"Ukiniuzia mbuzi wa maziwa, kisha uje umkate chuchu, utaniambia mbuzi si ninaye?"

Wateja wakaangua kicheko. Peterson hakupendezwa.

"Ulikubali masharti mwenyewe."

"Mnunuzi ana haki yake. Nirudishieni sauti, au mchukue simu yenu."

"Basi walalamikie kampuni. Lakini una ujumbe hapa tangu juzi. Nikusomee, bure?"

Kabla hajajibu, Peterson akaanza kusoma kwa sauti ya mnadani: "'Kahonzi, usinitafute tena. Nimeoa huku Gongoni, mwanamke mwenye macho. Nimechoka kumshika mtu mkono hadi chooni. Kombe.'"

Mtu mmoja dukani akacheka puani.

"Pole, mama," Peterson akasema, akimwekea simu kiganjani. "Anayefuata!"

Kahonzi akapapasa kutafuta mlango, akajigonga kwenye kabati la vioo. Hakuna aliyemwongoza.

Hata hivyo alilalamika. Alipiga nambari ya kampuni siku tatu mfululizo, akaeleza yote. Wakamwambia jibu litakuja kwa maandishi. Simu ikawa inalia kila ujumbe ukiingia, naye akiiacha ilie. Hakutaka tena kinywa cha mtu kimsomee mambo yake.

Mwishowe Mangi, mteja aliyetoka Mtwapa kufuata makuti yake, akamlaumu kwa kutojibu ujumbe. Kahonzi akampa simu.

"Wa kampuni upo?"

"Upo. 'Mteja mpendwa, sauti hiyo imeondolewa kwa kuwa wanaoitumia ni wachache. Usiporidhika, tujibu ndani ya siku saba, la sivyo shauri lako litafungwa.'" Mangi akaitazama tarehe. "Huu ni wa siku ya kumi sasa, dada. Mbona hukuwajibu?"

Kahonzi akamwambia achukue makuti yake aende.